Kuingia Ngomeni: Watu wa Pwani katika Mazingiwa ya Mombasa, 1696-1698

Katika vitabu vingi vya historia ya Afrika ya Mashariki, kuanguka kwa Ngome ya Yesu mwaka 1698 husimuliwa kama shauri la watu wawili: Mreno aliyekuwa ndani na Mwarabu wa Omani aliyekuwa nje. Mreno alishindwa, Mwarabu akashinda, na enzi moja ikafuata nyingine. Masimulizi ya namna hiyo si ya uongo, lakini yana upungufu mkubwa. Idadi ya Wareno waliojifungia ngomeni mwezi wa Machi 1696 hukadiriwa kuwa baina ya 50 na 70 tu. Idadi ya watu wa pwani walioingia pamoja nao, wanaume kwa wanawake na watoto, hukadiriwa kuwa baina ya 1,500 na 2,500. Kwa hiyo, kwa kila Mreno mmoja aliyelala nyuma ya zile kuta usiku wa kwanza, palikuwa na wenyeji wasiopungua ishirini. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: wenyeji hao walikuwa nani, waliingia kwa nini, na kuingia kwao kulibadili nini?

Mtu akitoka mtaa wa Kuze leo na kushika njia za Mji wa Kale kuelekea kusini, hachukui dakika nyingi kabla ya kuziona kuta za Ngome. Kuze yenyewe haina jiwe litakalomweleza habari za mwaka 1696. Nyumba zinazosifiwa katika mitaa ya Mji wa Kale, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, nyingi zao ni za karne ya 19 na ya 20. Lakini ardhi ni ile ile, na umbali ni ule ule. Mji wa Waswahili ulikuwa upande wa kaskazini, Wareno walijenga makazi yao baina ya mji huo na Ngome, katika sehemu iliyokuja kuitwa Gavana, na Ndia Kuu ikaunganisha pande hizo. Mji na Ngome vilikuwa karibu kiasi hiki: mwenye mji angeweza kuilisha Ngome, na pia angeweza kuinyima.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko Uhindi. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, ikiwa na buruji nne zilizopewa majina ya watakatifu, na handaki upande wa bara. Upande wa bahari palikuwa na njia iliyochongwa mwambani, ambayo watu na vitu viliweza kupitishwa kutoka chomboni mpaka ndani bila ya kuzunguka kwenye lango kuu. Njia hiyo yastahili kuangaliwa kuliko mizinga, kwani inaonyesha fikira ya wajenzi wenyewe. Ngome hii haikukusudiwa kujitosheleza. Ilikusudiwa kupokea chakula, baruti na askari kutoka baharini. Palikuwa na kisima na birika la maji ya mvua, lakini hapakuwa na shamba, na mtama hauoti juu ya matumbawe.

Upungufu huo ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwezi wa Agosti 1631, Yusuf bin Hassan, mfalme wa ukoo wa Malindi aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliwageukia Wareno, akaiteka Ngome na kuwaua wengi wao. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na merikebu kumzingira, wakashindwa kuingia. Kisha Yusuf mwenyewe akaiacha na kuondoka kwa bahari. Mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira aliandikisha juu ya lango sifa za matengenezo na ushindi wake, na maandishi hayo yapo hata leo. Kuta ziliimarishwa. Habari za nani atakayeilisha Ngome hazikuandikwa juu ya lango lolote.

Baina ya hapo na mwaka 1696 mambo yalibadilika katika bahari nzima. Mwaka 1650 Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Maskati, na tangu hapo vyombo vyao vikawa vinakuja pwani ya Afrika ya Mashariki mara kwa mara. Katika visiwa vya Lamu, Pate ilielekea upande wa Omani, na Faza, jirani na hasimu wake wa siku nyingi, ikawaelekea Wareno. Msomaji asidhani kwamba watu wa Faza walikuwa wakiipenda dola ya Ureno. Mji mdogo unaopakana na mji mkubwa wenye tamaa hutafuta rafiki wa mbali mwenye nguvu. Hiyo ndiyo siasa ya visiwa vile kwa karne kadhaa, na haikuanza kwa Wareno wala haikwisha walipoondoka.

Tarehe 13 Machi 1696 merikebu za Imamu Saif bin Sultan zilionekana mbele ya Mombasa, zikiwa na askari wanaokadiriwa kufikia 3,000. Hazikujaribu kupita mlangoni chini ya mizinga ya Ngome. Ziliingia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na huko zikateremsha watu. Kutoka Kilindini mpaka Ngome hapafiki hata mwendo wa saa moja kwa miguu.

Hapo ndipo mipango yote ya ulinzi wa kisiwa ilipobomoka. Kwa miaka mingi Wareno walikuwa wameweka ngome ndogo mahali pa hatari: Makupa, ambapo maji yakitoka mtu huvuka kwa miguu kutoka bara, na kwenye ufuo wa Ras Serani, kuuangalia mlango wa bahari. Makupa ilijengewa hofu iliyoachwa na Wazimba mwaka 1589. Ras Serani ilijengewa hofu ya merikebu. Kila ngome ndogo ilihitaji watu, na João Rodrigues Leão, aliyekuwa kapiteni wa Ngome, hakuwa na watu. Kuwatawanya askari chini ya mia moja katika pembe tatu za kisiwa kungekuwa kuwapoteza wote. Sehemu za nje zikaachwa moja baada ya nyingine, makazi ya Gavana yakaachwa pamoja na nyumba na makanisa yake, na kila aliyekuwa upande wa Wareno akarudi nyuma mpaka nyuma ya lango. Kwa muda mfupi kisiwa kizima kikawa mkononi mwa Waomani, isipokuwa ile pembe moja ya mwamba.

Kurudi nyuma kwa namna hiyo kulikuwa na busara ya kijeshi, na ni vigumu kuona ni lipi jingine lingeweza kufanywa. Lakini kulikuwa na bei yake. Aliyeacha mji aliacha pia visima vya mji, mashamba, mitumbwi ya wavuvi na maghala. Akaingia Ngomeni na midomo zaidi ya elfu moja. Kuwafungia nje watu hao kungeipunguzia Ngome mzigo wa chakula, na kungeiacha bila ya walinzi. Ngome yenye buruji nne na kuta ndefu haiwezi kulindwa na watu 60 wanaolala kwa zamu. Aliyewaruhusu wenyeji kuingia alijua kwamba ndio watakaosimama ukutani.

Waliingia kwa sababu mbalimbali. Wengi walikuwa na mafungamano ya zamani na nyumba ya Malindi au na Wareno, kwa biashara, kwa utumishi au kwa ndoa, na walijua kwamba washindi wasingewasahau. Wengine walikuwa watumwa, na mtumwa huingia anapoingia bwana wake. Hao wasihesabiwe miongoni mwa waliochagua. Wengine, hasa wanawake na watoto, walikimbilia ukuta uliokuwa karibu. Wala si mji mzima ulioingia. Tarehe ya Mombasa ambayo Kapteni Owen aliipata katika miaka ya 1820, zama za Wamazrui, husimulia kwamba watu wa Mombasa ndio waliomwendea Imamu kumwomba awaondolee udhalimu wa Wareno. Tarehe hiyo iliandikwa chini ya watawala waliokuja kutoka Omani, na yafaa isomwe kwa kukumbuka hilo. Lakini hapana sababu ya kuikataa. Mji uligawanyika. Ndugu waliweza kuwa pande mbili za handaki moja.

Miongoni mwa walioingia jina la mmoja limehifadhiwa vizuri: Bwana Daud wa Faza, aliyekuja na jamaa zake na watu wake. Habari zake zitafuata.

Jambo linalowashangaza wasomaji wengi ni urefu wa mazingiwa yale. Katika miaka hiyo hiyo huko Ulaya, Vauban, mhandisi wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya kuhusuru miji kuwa karibu elimu ya hesabu: mwaka 1673 mji wa Maastricht ulisalimu amri baada ya majuma machache tu ya kuchimba mahandaki na kupiga mizinga. Mombasa ilichukua miezi 33. Tofauti hiyo haielezwi na ushujaa wala uzembe wa upande wowote. Waomani walikuja kuifunga Ngome mpaka njaa imalize kazi. Walichimba mahandaki yao, wakaweka mizinga, wakangoja. Na ili njaa imalize kazi, lazima bahari nayo ifungwe, jambo ambalo halikuwa rahisi. Mahali palipoachwa wazi ni pale pale Cairati alipopachonga: upande wa maji.

Kwa sababu hiyo kalenda ya mazingiwa ya Mombasa ni kalenda ya pepo. Merikebu za Imamu zilikuja Machi, mwishoni mwa kaskazi. Ujumbe wowote uliotoka Ngomeni kwenda Goa ulipaswa kwenda na kusi, na jibu lake lisingeweza kurudi mpaka kaskazi ianze tena mwisho wa mwaka. Kapiteni Leão alilijua hilo kama alivyolijua kila nahodha wa jahazi. Alipolifunga lango mwezi wa Machi alikuwa akijifunga kwa muda usiopungua miezi tisa kabla ya kutazamia askari mmoja kutoka Uhindi. Hakuifikia siku hiyo. Alifariki Oktoba 1696, na António Mogo de Melo akashika mahali pake. Msaada wa Goa uliwasili siku ya Krismasi, kama pepo zilivyoamuru.

Katika miezi hiyo tisa nani aliilisha Ngome? Jibu la swali hili ndilo linaloondoa masimulizi ya watu wawili. Vyombo vidogo vya pwani vilipenya. Unguja ilikuwa na malkia, Fatuma, aliyekuwa rafiki wa Wareno, naye alipeleka vyombo vya chakula Mombasa ili kuwasaidia waliozingirwa, mpaka Waomani walipovikamata na kuviteketeza. Ngome ilipoanguka, Waomani hawakuusahau msaada ule: Fatuma alichukuliwa Maskati, akakaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kurudishwa Unguja. Waomani walikuwa wameelewa vizuri nani aliyekuwa akiwapinga. Hawakumpeleka uhamishoni mpiga mizinga bali mpeleka chakula.

Krismasi ya 1696 ilileta askari, na muda mfupi baadaye yakaja maradhi. Ngome ile, yenye watu waliobanana kwa karibu mwaka mzima, wenye maji machache na chakula kibaya, ikawa nyumba ya vifo. Katika nusu ya kwanza ya 1697 waliuawa na ugonjwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Askari wapya, ambao miili yao haikuzoea hali ile, walikwenda upesi. Wakati Waomani walipojaribu kuukwea ukuta katikati ya mwaka huo, waliowarudisha nyuma walikuwa zaidi watu wa pwani, na masimulizi ya Wareno wenyewe yanawataja wanawake wa Kiafrika miongoni mwao. Majina yao hayakuandikwa. Waandishi wa zama hizo waliona ajabu kwamba wanawake wamepigana, lakini hawakuona haja ya kuuliza wanaitwaje.

Mwishoni mwa Agosti 1697 Mogo de Melo naye akafa, na pamoja naye wakawa wamekwisha maofisa wa Kireno. Ndipo uongozi ulipomwangukia Bwana Daud wa Faza. Kwa majuma machache, mpaka msaada mwingine ulipofika Septemba, Ngome ya Yesu, yenye msalaba wa Kristo juu ya lango na kanisa katikati ya ua, iliongozwa na Mwislamu wa visiwa vya Lamu, na waliokuwa ukutani walikuwa watu wa pwani hii. Hawakufungua lango. Wangeliweza kulifungua, kwani wenye kuwazuia walikuwa wamekwisha kufa. Ukweli huo haupatani na masimulizi yanayowafanya wenyeji kuwa wafuasi tu, wanaokwenda upande unaosukumwa na upepo. Daud alikuwa na hesabu yake: kilichokuwa nje ya handaki, kwake yeye, kilikuwa pamoja na Pate.

Neno moja la Kiswahili lafaa kutajwa hapa. Wataalamu wamekwisha kueleza kwamba jina *gereza* limetokana na *igreja*, yaani kanisa kwa Kireno. Kwa watu wa Mombasa kanisa lililokuwa ndani ya Ngome liliipa Ngome nzima jina lake. Baadaye, Ngome ilipofanywa mahali pa kufungia watu, kama ilivyokuwa chini ya Waingereza kutoka 1895 mpaka 1958, jina likabakia na maana ikahama. Hata jina *Mreno* lenyewe husemwa kuwa limetokana na *reino*, ufalme. Lugha imehifadhi kile ambacho tarehe zimekipuuza: watu wa pwani waliijua Ngome kwa ndani, wakaipa jina la kitu walichokiona ndani yake.

Msaada wa Septemba 1697 ulikuja kutoka kusini, kwa pepo za kusi, na miongoni mwa merikebu zake ilikuwapo *Santo António de Taná*, iliyojengwa Bassein, Uhindi. Mwezi wa Oktoba merikebu hiyo ilizama mbele ya Ngome. Mabaki yake yaliyolala kwenye matope ya mlango wa bahari yalichunguzwa na wapiga mbizi wa elimukale kuanzia mwaka 1977, na vitu vilivyotolewa vimewekwa katika makumbusho ya Ngome, ambapo wanafunzi wa shule huvitazama kila wiki.

Mwisho wa mwaka 1697 waliosalia wa mazingiwa ya kwanza waliondolewa, na kikosi kipya kikaachwa chini ya Leonardo Barbosa Souto Maior. Kwa upande wa vita huu ulionekana kuwa mpango mzuri: waliochoka waondoke, wazima waingie. Lakini walioondoka walikuwa ndio wenye jamaa visiwani, wenye kujua lugha, wenye kujua nahodha gani anaweza kupitisha magunia usiku. Walioingia walikuwa wageni. Mwaka 1698 hapakuwa tena na Daud, na Unguja ilikuwa imekwisha kuadhibiwa kwa moto. Kikosi kile kikapukutika, mwezi kwa mwezi. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipopanda na kuingia walikuta watu kama kumi na wawili tu, wakiwamo askari wachache, Wahindi, wanawake wawili wa Kiafrika na mtoto mmoja. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilifika na kaskazi, kama ilivyotazamiwa, zikaona bendera nyekundu juu ya Ngome, zikageuza.

Watu wamesema mara nyingi kwamba Ureno ilipoteza Mombasa kwa siku chache. Hesabu hiyo ni ya wenye merikebu. Anayetazama kutoka upande wa mji atasema kwamba ilipotea mwaka mmoja kabla, pale Ngome ilipoachwa mikononi mwa watu wasio na ndugu nje ya kuta.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana katika mazingiwa mengine, mafupi na yasiyosimuliwa sana. Mwezi wa Machi 1728 Wareno walirudi Mombasa, safari hii kwa mwito wa Pate ile ile iliyokuwa adui yao, maana Pate nayo ilikuwa imekwisha kuchoshwa na Waomani. Waliingia Ngomeni bila ya mapigano makubwa, na mwanzoni mji uliwapokea. Katika muda wa mwaka mmoja waliuudhi mji. Aprili 1729 watu wa Mombasa waliinuka, wakawafukuza wale waliokuwa nje na kuwafungia waliokuwa ndani. Hapakuwa na merikebu za Imamu Kilindini wala askari 3,000. Walioizingira Ngome walikuwa ni wenyeji wenyewe, wenye visima, mashamba na mitumbwi, na walijua njia iliyochongwa mwambani inatokea wapi. Kilichochukua miezi 33 mwanzoni kilichukua safari hii miezi saba. Novemba 1729 Wareno wakatoka kwa mapatano, njaa ikiwa imewamaliza na kuta zikiwa nzima, na wajumbe wa Mombasa wakasafiri kwenda Maskati kumweleza Imamu kwamba Ngome iko tupu.